Matembezi ya Riwaya Yavuke Darajani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuseme machache kuhusu matembezi ya kihistoria yanayofuata riwaya zetu hapa Unguja. Walimu huwaleta wanafunzi, wageni kutoka bara huulizia, na wenyeji nao hutaka kupita katika mitaa waliyoisoma vitabuni. Tatizo ni kwamba mengi ya matembezi hayo huanzia Forodhani na kuishia Shangani, yote ndani ya Mji Mkongwe, milango ya nakshi kulia na kushoto, na riwaya yenyewe ikabaki jina kwenye kipeperushi. Matembezi ya majumba ni mazuri kwa wanaoyataka. Ila yakishaitwa ya riwaya, yana deni kwa kitabu. Riwaya kubwa za mji huu hazikuandikwa kwa ajili ya milango. Zimeandikwa juu ya watu waliotoka upande mmoja wa mji wakaenda upande wa pili, na asiyevuka Darajani, mpaka wa zamani kati ya Mji Mkongwe na mitaa ya mashariki yake iitwayo Ng'ambo, hajazifuata.

Tutazungumzia mbili tu, zote za Shafi Adam Shafi. Kuli, iliyotoka mwaka 1979, inamfuata kijana Rashidi katika kazi za bandarini hadi kwenye mgomo wa 1948. Vuta N'kuvute, iliyotoka 1999, inarudi miaka ya mwisho ya ukoloni. Yasmin, msichana wa Kihindi, anaozwa angali mdogo kwa mume aliyemzidi umri kwa mbali. Anamkimbia, anapokewa huko Ng'ambo na shoga yake Mwajuma, na njia yake inakutana na ya Denge, kijana aliyejitoa kupambana na wakoloni. Wengi wameisoma hii ya pili kidato cha tano na sita, kwa hiyo kikundi cha wanafunzi huja na majina ya wahusika mdomoni na picha ya mji kichwani. Picha hiyo mara nyingi ni ya upande mmoja tu wa mji.

Jambo la kwanza la kuamua, kabla ya vituo na kabla ya saa, ni mwelekeo. Wafanyakazi wengi wa bandarini waliishi Ng'ambo, wakaamka Ng'ambo, wakashuka kwenda gatini asubuhi. Njia ya Kuli basi inatoka Ng'ambo kwenda baharini, na inatembewa asubuhi. Yasmin yeye alitoka katika maisha ya duka na ndoa ya kulazimishwa akaingia Ng'ambo, na huko ndiko alikoanza kujijua. Njia yake inatoka Mji Mkongwe, inavuka, inaishia Ng'ambo, na alasiri inaifaa zaidi. Ukiipindua moja, maana nayo inapinduka: anayemwanzisha kuli Forodhani anamfanya mgeni katika mji wake, na anayemrudisha Yasmin Shangani jioni amemrudisha kule alikokimbia. Kwa sababu hiyohiyo hatushauri kuchanganya vitabu viwili katika safari moja. Tumeona vikundi vikijaribu, na ilipofika saa ya pili hakuna tena aliyejua ni nani alipita wapi, wala mwaka gani.

Darajani penyewe panahitaji maelezo, maana leo mtu anaweza kuvuka bila kujua kwamba amevuka. Mji Mkongwe ulikuwa kama rasi, na mkono wa bahari uliingia nyuma yake ukautenga na upande wa mashariki. Ndiyo asili ya jina Ng'ambo: ng'ambo ya maji. Mkono huo ulifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, na pale yalipopita maji sasa inapita Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo watu wengi bado wanaiita Creek Road. Hapo ndipo mwongozaji anapotakiwa asimame kuliko kituo kingine chochote. Awaoneshe watu mteremko mdogo wa ardhi pande zote mbili. Awageuze watazame nyuma, nyumba za mawe za ghorofa, kisha mbele, kule ambako zamani zilitanda nyumba za udongo na makuti. Lakini asisimame mbele ya soko, lile la mwaka 1904, kuanzia saa 3 asubuhi na kuendelea. Pana daladala, magari ya hamali na wachuuzi, sauti haifiki mtu wa tatu. Hatua 50 tu pembeni, chini ya kivuli, panatosha.

Tuanze na njia ya Kuli. Wakutane saa 1 asubuhi Mwembetanga, mahali palipopangwa na kukubaliwa na wenye mtaa siku mbili au tatu kabla. Kutoka hapo hadi bandarini Malindi, pamoja na kuzungukazunguka, hazifiki kilomita 3, lakini ziwekewe saa mbili nzima kwa sababu ya kusimama na kusoma. Vituo visizidi vitano. Kila kituo kina kifungu kimoja cha kitabu, kisichozidi maneno 150, yaani dakika moja na nusu kwa msomaji asiye na pupa. Baada ya kusoma, mwongozaji azungumze dakika tano au sita, basi. Vikundi vingi huharibika hapa. Mwongozaji anasoma ukurasa mzima, jua linapanda, watu wa nyuma wanaanza kuangalia simu, na kifungu kizuri kabisa kinapotea. Vifungu vya kuchagua ni vile vyenye mwili ndani yake: uzito wa gunia, njaa, kelele za winchi, maneno ya msimamizi. Hotuba za wahusika zisomwe nyumbani.

Hapo Mwembetanga na mitaa ya jirani zipo bado nyumba za mpango wa zamani, na ni vyema watu wauelewe mpango wenyewe kabla hawajaondoka: baraza mbele, mlango, ukumbi unaopita katikati, vyumba kila upande, na uwani nyuma penye jiko, kisima au bomba, na wanawake wenye kazi zao. Kuta za fito na udongo, juu makuti, baadaye mabati. Anayeielewa nyumba hii ataelewa kwa nini habari ya mgomo ilitembea haraka. Baraza ya mmoja inatazamana na baraza ya mwingine, na neno likisemwa usiku limefika mtaa wa pili kabla ya alfajiri. Huna haja ya kuingia ndani ya nyumba ya mtu. Kuingiza watu 12 uwani kwa mwenyewe, hata kama mwenye nyumba kwa adabu yake amesema karibuni, ni kumfukuza mama jikoni kwake.

Kisha Michenzani, na hapa pana ugumu ambao mwongozaji asiufiche. Sehemu kubwa ya Ng'ambo iliyo kwenye riwaya hizi haipo tena. Baada ya Mapinduzi ya 1964, chini ya Mzee Abeid Amani Karume, nyumba nyingi za udongo zilibomolewa kupisha barabara pana na yale majumba marefu ya ghorofa, na Kikwajuni nako yakajengwa majumba kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Msomaji anayekuja kutafuta kichochoro cha mwaka 1948 atakutana na jengo refu kupita uwanja wa mpira. Waongozaji wengine hupita haraka hapa kwa sababu "hakuna cha kuona". Sisi tunaona kituo hiki ni cha pili kwa uzito baada ya Darajani. Simameni kwenye mzunguko, msome kifungu cha maisha ya Ng'ambo, halafu watu wayatazame majumba na kujiuliza waliohamia humo walipata nini na waliacha nini. Bomba la maji ndani ya nyumba si jambo dogo kwa aliyebeba ndoo. Wala baraza iliyopotea si jambo dogo.

Kutoka Michenzani shukeni kupitia Mlandege hadi Darajani, simameni kama tulivyosema, kisha mshike Barabara ya Benjamin Mkapa kuelekea kaskazini hadi Malindi. Msikate kupitia vichochoro vya Mji Mkongwe, ingawa ni vizuri kutembelea. Njia hii ya pembeni inapita palepale palipokuwa na maji, na inafikia bahari kwenye diko la samaki, ambako asubuhi mashua zinashusha. Harufu ni kali, na viatu vitalowa. Mwambie kila mtu mapema avae viatu vya kufunika vidole. Lakini hakuna mahali pengine katika safari hii ambapo mtu anaona mikono ikibeba mzigo kutoka chomboni hadi nchi kavu kama ilivyobeba tangu zamani.

Bandarini penyewe hamtaingia. Ni eneo la ulinzi, haliingiwi bila kibali, na kupiga picha langoni kunaweza kuwasimamisha nusu saa nzima mkijieleza. Kosa la kawaida ni kuahidi "tutaingia gatini" halafu kufika langoni na kurudishwa, safari ikaisha kwa manung'uniko. Andikeni tangu mwanzo kwamba bandari mtaitazama kutoka nje. Mahali pazuri ni Mizingani, chini ya ule mti mkubwa unaoitwa Mtini, karibu na jumba la Dispensari ya Kale lililojengwa kwa fedha za mfanyabiashara tajiri Tharia Topan mwishoni mwa karne ya 19. Pana kivuli, pana nafasi ya watu 15 kusimama bila kuziba njia, na winchi, makontena na milingoti ya majahazi vinaonekana. Angalia ratiba ya boti za Dar es Salaam. Boti ikifika, kwa dakika 30 hadi 40 eneo lote linajaa abiria, teksi na wachukuzi, na kusoma hakuwezekani. Na tunaomba sana: wachukuzi hao wako kazini. Msiwanyooshee kidole mkasema "hawa ndio makuli wa leo", wala msiwapige picha migongo ikiwa imeinama. Ukitaka kuzungumza na mmoja wao, mtafute siku nyingine, muda wake akiwa na nafasi, na umlipe kwa muda huo.

Kituo hiki cha mwisho ndicho cha historia ya mgomo, na mwongozaji aje amejiandaa. Mgomo wa Unguja haukuzuka peke yake. Maisha yalikuwa yamepanda baada ya Vita Kuu ya Pili na mishahara haikufuata. Mombasa iligoma Januari 1947, makuli wa Dar es Salaam wakafuata mwaka huohuo, na habari zilisafiri kwa vyombo vilevile vilivyobeba mizigo. Hapa kazi ilisimama bandarini Agosti 1948, na Septemba mgomo ukaenea kwa wafanyakazi wengine wa mjini hadi ukawa mgomo wa jumla. Kisiwa kilichoishi kwa kuuza karafuu na kununua mchele kutoka nje kilijua haraka sana kwamba gati limelala. Hili wasikilizaji wengi hawalitambui mpaka waambiwe: nguvu ya kuli ilikuwa katika tumbo la mji mzima, pamoja na tumbo la bwana mkubwa. Na hata huo haukuwa ugomvi wa kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1920 watu wa Ng'ambo walikuwa wamekataa kulipa kodi za viwanja kwa wenye ardhi. Mwongozaji akilitaja hilo Mwembetanga asubuhi, likisikika tena Mizingani linashika.

Rashidi hakuwepo. Hili lisemwe wazi, tena mapema. Mgomo ulikuwepo, bandari ilikuwepo, njaa ilikuwepo. Rashidi ni mtu wa kitabuni. Kuna maneno ambayo mwongozaji wa riwaya hapaswi kuyatamka: "hapa ndipo alipoishi". Aseme "katika mtaa kama huu". Likisemwa lile la kwanza mara kumi, mara ya kumi na moja litakuwa limeshaandikwa kwenye mtandao, na mwenye nyumba ambaye hana habari na riwaya yoyote ataanza kubishiwa hodi na wageni wanaotaka kuona chumba cha Yasmin. Tunashauri mwongozaji awe na daftari lenye safu tatu kwa kila kituo: kitabu kinasema nini, kumbukumbu za kihistoria zinasema nini, na leo kuna nini. Anapozungumza, aoneshe ametoka safu gani kuingia ipi. Kisha aongeze wakati mwingine ambao husahaulika, wakati wa kuandika. Kuli ilitoka 1979, miaka 31 baada ya mgomo na 15 baada ya Mapinduzi. Mwandishi anaitazama bandari ya kikoloni akiwa amesimama katika nchi iliyokwisha kupindua. Anayelijua hili atasoma mwisho wa riwaya kwa makini zaidi kuliko anayeuchukua kama ripoti ya polisi.

Njia ya Yasmin ina mahitaji tofauti. Ianze saa 10 alasiri, baada ya sala, katika mitaa ya maduka ya upande wa Kiponda, Hurumzi na Mtendeni. Msianze kwa kutazama nakshi. Tazameni jinsi duka na nyumba vilivyokuwa kitu kimoja: chini biashara, milango ya mbao ya kukunja inayofungua karibu upande wote wa mbele, juu au nyuma makazi. Nyumba za mawe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Boriti zenyewe ndizo zilizoamua upana wa chumba, kiasi cha mita tatu hivi, kwa sababu mti haufiki zaidi ya hapo bila kulegea. Chumba basi kinakuwa kirefu na chembamba, kuta nene, madirisha yanayotazama kichochoro. Mweke hapo msichana mdogo mwenye mume mzee na duka linalofunguliwa kila siku asubuhi. Mwongozaji hahitaji kueleza sana. Kifungu cha maisha ya ndoa hiyo kikisomwa kwa sauti ya kawaida katika kichochoro chembamba, ukuta unafanya kazi iliyobaki.

Lakini kisomwe kwa sauti ya kawaida kweli. Vichochoro vinabeba sauti hadi ghorofa ya pili, na juu kuna watu wanaishi, wengine wamelala, wengine wagonjwa. Vipaza sauti havifai kabisa Mji Mkongwe. Ndiyo maana kikundi kisizidi watu 12. Wakizidi hapo, wa nyuma hawasikii na mwongozaji anaanza kupiga kelele, na kichochoro kinaziba kiasi kwamba baiskeli, vespa na gari la hamali havipiti. Darasa la wanafunzi 40 lisitembee kama msafara. Ligawanywe mara nne, kila kikundi kitoke dakika 15 baada ya kilichotangulia, na mwalimu mmoja kwa kila kikundi. Wanafunzi wapewe vifungu wiki moja kabla na wasome wao wenyewe. Anayejua kwamba zamu yake ni Darajani huja amekisoma kitabu.

Anayetaka upande wa Denge, wa siasa na polisi, anaweza kuanzia Vuga penye jengo la mahakama lililochorwa na J. H. Sinclair na kujengwa mwaka 1908. Serikali ya kikoloni ilipenda kuvisha ofisi zake kuba na matao ya Kiarabu, na jengo hilo ni mfano mzuri. Ila njia inarefuka kwa dakika 20 hivi na machweo hayangoji.

Mkivuka Darajani, mpunguze mwendo. Hili ndilo badiliko lote la riwaya ile katika hatua chache: kutoka nyumba ya ghorofa yenye dirisha hadi nyumba ya chini yenye baraza, kutoka kwa jamaa wanaokuhesabia aibu hadi kwa shoga anayekufungulia mlango. Ng'ambo haikuwa shida tupu. Ilikuwa pia ya muziki. Siti binti Saad, aliyekwenda Mumbai mwaka 1928 kurekodi nyimbo na akafariki 1950, ni wa ulimwengu huo, na mwongozaji mwenye busara atapiga wimbo wake mmoja kwenye simu, kwa sauti ndogo, watu wakiwa wameketi. Malizieni Miembeni au Mwembetanga kabla ya saa 12 jioni. Magharibi inapoingia watu wanakwenda msikitini na wanawake wanaita watoto, na kundi la wageni lililosimama katikati ya njia ni mzigo kwa mtaa.

Kuna mambo mawili yanayoipotosha njia hii hasa. La kwanza ni filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka 2021. Ni kazi nzuri, na imewaleta wengi kwenye riwaya. Lakini filamu ina mahali pake pa kupigia picha na riwaya ina mitaa yake, na mtu aliyeitazama atasisitiza kwamba "ilikuwa kwenye ile nyumba". Fungua kitabu, soma kifungu, acha kitabu kijibu. La pili ni tamaa ya kumalizia kila kitu kwa tarehe 12 Januari 1964, kana kwamba wahusika wote walikuwa wakitembea kuelekea asubuhi hiyo na walijua. Hawakujua. Waacheni katika mwaka wao.

Vilevile, historia ya soko la watumwa la Mkunazini, lililofungwa mwaka 1873, isiingizwe hapa katikati kwa dakika tano kwa sababu tu mnapita karibu. Ni nzito mno kuwa kituo cha njiani. Ina haki ya siku yake.

Kuhusu maandalizi ya kitabu chenyewe: mwongozaji asome mara ya kwanza kama msomaji, bila kalamu. Mara ya pili achore kila jina la mtaa, kila saa ya siku, kila harufu na kila sauti, na aandike ukurasa pamoja na toleo, maana kurasa hazilingani kati ya toleo na toleo, na mwalimu atakayefuata daftari lako akiwa na toleo jingine atahangaika. Mara ya tatu asome akitembea, peke yake, saa ileile atakayowaleta watu. Hapo ndipo atakapogundua kwamba kituo alichokipenda kina jua usoni saa 10, au fundi wa kuchomea vyuma ukutani. Kisha afike Nyaraka za Taifa, Kilimani, akaombe magazeti na taarifa za serikali za miaka hiyo. Enzi zile Al-Falaq, Mwongozi, Afrika Kwetu na Samachar ya Kigujarati hayakuwa na macho mamoja, na kuyalinganisha juu ya jambo moja kunamfundisha mwongozaji asiwe na uhakika wa haraka. Kusoma kifungu kifupi kwa sauti ni sawa. Kuchapa kurasa nzima kwenye vijitabu na kuviuza ni jambo la kumwomba ruhusa mchapishaji. Bora kila mtu aje na nakala yake.

Anayekodi mwongozaji amuulize kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii. Papasi, yaani mwongozaji wa mitaani asiye rasmi, atakayekufuata Forodhani akikwambia anakijua kitabu, muulize Yasmin alipokelewa na nani. Halafu muulize mnavukia wapi kwenda Ng'ambo. Akikwambia Ng'ambo hakuna kitu, mshukuru, mwachane. Mavazi ni ya kufunika mabega na magoti, kwa wanaume pia. Maji, lita moja kwa mtu. Ijumaa msiwe njiani kati ya saa 6 na saa 8 mchana. Mwezi wa Ramadhani njia ya alasiri ihamishiwe asubuhi, kwani jioni kila nyumba iko kwenye futari, na msile wala msinywe barabarani. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, chukueni makoti ya mvua badala ya miavuli. Katika kichochoro cha mita mbili mwavuli unafika kwenye jicho la mtu mwingine.

Wazee wanaoikumbuka Ng'ambo ya zamani wanapungua, na kumsikiliza mmoja kwa robo saa kunashinda maelezo yetu yote. Lakini kuna adabu zake. Aombwe siku kadhaa kabla, nyumbani kwake, na mtu anayemjua. Awekewe kiti kwenye kivuli, barazani kwake kama atapenda. Aulizwe kazi, chakula, nyimbo, njia ya kwenda skuli. Asiulizwe mbele ya wageni ndugu zake walikuwa chama gani au walipatwa na nini 1964. Anayetaka kulisema atalisema mwenyewe, na asiyetaka asibanwe. Ahsante yake iwe kwenye bahasha, na apewe kabla, faraghani, kama malipo ya muda wake.

Na kwa wasomaji wa gazeti hili wenye picha za zamani za Ng'ambo, hasa za kabla ya majumba ya Michenzani: picha za harusi, za timu ya mpira, za mtoto amesimama mbele ya baraza. Waongozaji wanazihitaji, kwa kuwa mitaa yenyewe haipo tena ya kuonesha. Msizigandishe kwenye albamu za plastiki zinazonata; zikikaa muda mrefu hubanduka na rangi yake. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, jina la mtaa, mwaka hata kama ni wa kukisia, na nyumba iliyo nyuma ilikuwa ya nani. Mkizipiga nakala kwa simu, mzilaze mezani karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera, picha moja moja, na upande wa nyuma mpige vilevile. Kisha mpeleke nakala Nyaraka, na picha yenyewe mrudishe nyumbani.

Waongozaji wa matembezi ya riwaya,
Unguja